GMO: Mahindi haya yalipimwaje kabla ya kufika kwenye sufuria yako?

Shangazi yangu alituma picha kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia. Panya mweupe ameshikwa na mkono wenye glavu, ubavuni ana uvimbe mkubwa kama ndimu. Chini yake: "Hivi ndivyo GMO itatufanya." Dakika tano hazikuisha kabla binamu zangu watatu hawajaapa kurudi kwa mihogo.

Picha ile ni ya kweli, haijatengenezwa na kompyuta. Lakini ina zaidi ya miaka kumi, na safari yake ndiyo inaeleza kwa nini mahindi yamezunguka kwenye korti za Kenya miaka yote hii.

Panya waliofunga mlango

Septemba 2012, mwanasayansi Mfaransa Gilles-Éric Séralini na wenzake walichapisha utafiti wa panya 200 uliochukua miaka miwili. Baadhi walilishwa mahindi ya GMO aina ya NK603, wengine wakawekewa dawa ya kuua magugu ya Roundup kwenye maji. Watafiti wakasema panya hao walipata uvimbe zaidi na kufa mapema. Picha zikazunguka dunia nzima. Miezi miwili baadaye, Novemba 2012, Baraza la Mawaziri la Rais Mwai Kibaki likapiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO.

Sasa, panya 200 wanasikika wengi. Ila waligawanywa katika makundi 20, kila kundi panya 10. Kundi la kulinganisha, yaani wale waliokula mahindi ya kawaida na kunywa maji safi, lilikuwa na madume 10 na majike 10 tu. Na panya wa aina ile, Sprague-Dawley, huota uvimbe kwa wingi wakizeeka hata ukiwalisha vizuri kama watoto wa mfalme. Kwenye kundi la watu kumi, wawili wakiugua zaidi inaweza kuwa bahati mbaya tu. Miongozo ya kimataifa ya kupima saratani kwa panya inataka angalau 50 wa kila jinsia katika kila kundi.

Novemba 2013 jarida lililouchapisha utafiti huo likauondoa. Mhariri alisema hakuona udanganyifu, ila matokeo hayakutosha kuthibitisha chochote. Mwaka 2014 ukachapishwa tena kwenye jarida jingine. Huku kwetu marufuku ilibaki palepale.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo haifiki WhatsApp. Ulaya, ambako wanunuzi wengi hawataki hata kusikia GMO, waliamua kurudia jaribio kwa pesa za umma. Mradi wa G-TwYST uliwalisha panya mahindi yaleyale ya NK603 kwa miaka miwili, safari hii wakiwa 50 wa kila jinsia kwenye kila kundi, na mahindi hayo yakifika hadi asilimia 33 ya chakula chao. Mradi mwingine, GRACE, ulipima mahindi ya MON810 kwa siku 90 na kisha kwa mwaka mzima. Haikuonekana dalili ya madhara katika mradi wowote kati ya hiyo miwili.

Matokeo hayo yalitoka bila picha ya kutisha. Nani angeyasambaza?

Korti, waziri na unga wa mia mbili

Oktoba 3, 2022, ukame ukiwa mkali kuliko wakati wowote kwa miaka 40 na paketi ya kilo mbili ya unga ikiwa imevuka shilingi 200, serikali mpya ya Rais William Ruto iliondoa marufuku. Mwezi uliofuata Waziri wa Biashara wa wakati huo, Moses Kuria, akasema jambo ambalo Wakenya hawajalisahau: kwamba nchi hii ina mambo mengi ya kutuua, hivyo kuongeza GMO kwenye orodha si kitu. Alikuwa anatania, labda. Lakini kama kuna mtu aliyeitafutia GMO maadui Kenya kwa sentensi moja, ni yeye.

Kesi zikamiminika. Novemba 2022 Mahakama Kuu ikasimamisha uagizaji. Oktoba 2023 Jaji Oscar Angote wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi akatupa kesi ya Chama cha Mawakili Kenya (LSK), akisema hakuna ushahidi uliotolewa kuwa vyakula hivyo vimemdhuru mtu, na kwamba taasisi tulizoziunda zinafaa kuaminiwa. Novemba 2024 Mahakama Kuu nayo ikatupa kesi ya Kenyan Peasants League, shirika la wakulima wadogo. Kisha Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikageuza mambo tena: serikali isiagize wala kuruhusu kilimo cha GMO hadi rufaa ya wakulima hao isikizwe.

Hapo kwa "taasisi zinafaa kuaminiwa" ndipo pana kazi. Maana ili uiamini taasisi, lazima kwanza ujue inafanya nini.

Ndani ya faili kuna nini

Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009 na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia (NBA). Ulaya wana EFSA. Kazi inafanana, kwa sababu wote wanafuata misingi ya Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula kilichotoa miongozo yake ya mimea ya GMO mwaka 2003.

Jambo la kwanza la kuelewa: hakuna anayepima "GMO". Kinachopimwa ni mmea mmoja, wenye jeni fulani iliyoingia mahali fulani. Kila aina ina faili lake. Kwa hivyo mtu akikuambia "GMO ni salama" au "GMO ni sumu", muulize: ipi?

Chukua MON810, ile yenye jeni inayotumika kwenye mahindi ya Bt ambayo watafiti wa KALRO wamekuwa wakiyafanyia majaribio Kitale na Kiboko. Jeni yake imetoka kwa bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis. Inaufanya mmea utengeneze protini inayoitwa Cry1Ab, ambayo huua bungua, yule funza anayetoboa mabua. Wakulima wasiotumia kemikali za viwandani wamekuwa wakipulizia bakteria huyohuyo kwa miaka mingi, ingawa kupulizia juu ya jani si sawa na protini kuwa ndani ya punje, na wakosoaji wana haki kulitaja hilo.

Wapimaji huanza na protini yenyewe. Inafanana na sumu yoyote inayojulikana? Inafanana na protini zinazoleta mzio, ile tunayoita aleji, kama za njugu au maziwa? Kompyuta hulinganisha muundo wake na hifadhi kubwa ya data. Kisha protini hutiwa kwenye maji yenye asidi na kimeng'enya kama vya tumboni, kuona inavunjika upesi kiasi gani. Protini inayokataa kumeng'enywa inatia shaka. Cry1Ab ya MON810 huvunjika haraka. Tena utumbo wa funza una alkali na una vipokezi ambavyo protini hii hujishikiza ili itoboe, na sisi hatuna vipokezi hivyo.

Baadaye yanakuja mahindi mazima. Hupandwa sehemu mbalimbali, EFSA inataka zisipungue nane, kando ya mahindi ya kawaida ya ukoo uleule. Halafu hupimwa wanga, protini, mafuta, nyuzi, vitamini na madini. Kinachotafutwa ni kitu ambacho hakikutarajiwa, kwa sababu jeni ikiingia mahali pabaya inaweza kuvuruga nyingine. Mwisho ni kulisha wanyama. Panya kwa siku 90, jambo ambalo sheria ya Ulaya ililifanya la lazima mwaka 2013, na mara nyingi kuku wa nyama pia, kwa kuwa wanakua haraka na lishe ikiwa na kasoro utaiona ndani ya wiki chache.

Mwaka 2016 Chuo cha Kitaifa cha Sayansi cha Marekani kilipitia tafiti zaidi ya 900 za mimea ya GMO na hakikupata ushahidi thabiti kwamba kula vyakula hivyo kuna hatari kubwa kuliko kula vya kawaida. Msimamo wangu, baada ya kusoma nilichoweza: kwa MON810, swali la "itanipa saratani?" limejibiwa kadiri sayansi inavyoweza kujibu, na jibu ni hapana.

Lakini nani alilipia vipimo? Kampuni yenye mbegu, kwa sehemu kubwa. Ndiyo inayofanya au kugharamia majaribio, inapanga faili, kisha mamlaka inasoma. Ndivyo inavyokuwa hata kwa dawa za hospitali, kwa hivyo si njama. Ila ni sababu nzuri ya kudai faili liwekwe wazi na lisomwe na watu wasio na hisa popote. Majaribio ya Ulaya yana uzito kwa sababu hiyohiyo.

Faili la Kitale, meli ya Mombasa

Kuna jambo ambalo mjadala wetu unaliruka kila mara. Mahindi yaliyojaribiwa Kitale ni kitu kimoja. Mahindi ya GMO ambayo yangeletwa na meli bandarini Mombasa ni kitu kingine.

Marekani, zaidi ya asilimia 80 ya mahindi yanayopandwa yana jeni mchanganyiko: za kuua wadudu pamoja na za kustahimili dawa ya magugu. Hayo ya pili, kama NK603, mkulima anaweza kuyapulizia glaifoseti shamba zima, magugu yakafa na mahindi yakabaki. Hapo swali halihusu jeni peke yake, linahusu pia mabaki ya dawa kwenye punje. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. EFSA mwaka 2023 ikasema haikuona sababu nzito ya kuizuia, na Umoja wa Ulaya ukairuhusu kwa miaka 10 zaidi. Wanasayansi bado wanavutana.

MON810 haina jeni ya kustahimili dawa ya magugu. Kwa hivyo hoja za Roundup haziihusu. Na vivyo hivyo, faili safi la MON810 haliwezi kutumika kutetea kila shehena inayotia nanga. Wanasiasa wetu, wa pande zote mbili, wamekuwa wakichanganya hayo mawili kama chai na maziwa.

Kuna tofauti nyingine. Mmarekani hula mahindi mengi akiwa amemla kuku, au ameyanywa kama sharubati kwenye soda. Sisi tunakula ugali. Mchana na usiku, na uji asubuhi. Watetezi wakisema "Wamarekani wamekula miaka 30", hawadanganyi, ila sahani si moja. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Afrika Kusini, ambako mahindi meupe ya Bt yamekuwa sokoni tangu mwaka 2001 na yanaliwa kama pap, ndugu wa ugali wetu. Leo sehemu kubwa ya mahindi yao ni ya GMO na hakuna ugonjwa uliothibitishwa kutoka humo.

Hata hao, hata hivyo, Oktoba 2024 Mahakama yao ya Juu ya Rufaa ilifuta idhini ya aina moja, MON87460, inayostahimili ukame, kwa sababu mamlaka haikupima ipasavyo hoja za wanaopinga. Kilichoanguka ni utaratibu. Jeni hiyo ndiyo iliyojaribiwa Makutupora, Dodoma, kuanzia mwaka 2016, kabla serikali ya Tanzania haijafunga majaribio ya GMO Januari 2021. Yaani mahakama inaweza kukubali kwamba sayansi ipo na bado ikaiambia mamlaka: hukusikiliza, rudi ukaanze upya.

Gunia halijui kusoma

Tuje kwa mifugo. Watu wengi husema, sawa, basi hayo ya GMO wapeni kuku na ng'ombe, sisi tubaki na yetu. Inasikika busara. Marekani walijaribu.

Mwaka 1998 mahindi ya StarLink yaliidhinishwa kule kwa chakula cha mifugo pekee. Protini yake, Cry9C, ilikuwa ngumu kumeng'enywa na ilivumilia joto, kwa hivyo wapimaji waliogopa aleji kwa binadamu. Septemba 2000 ikapatikana kwenye chapati za taco madukani. Bidhaa zaidi ya 300 zikarudishwa. Watu kadhaa walilalamika kuugua, wataalamu wa serikali wakapima damu ya 17 kati yao na hawakuona ushahidi kwamba Cry9C ndiyo iliyowadhuru. Lakini somo lilibaki: chavua huruka, malori huchanganya, ghala ni moja. Tangu hapo Marekani haitoi tena kibali cha namna hiyo, cha mifugo bila binadamu.

Kama hao wenye maghala ya kompyuta walishindwa, sisi wa gunia la sisal tutatenganishaje?

Kwa upande wa mayai na maziwa, hofu ni ndogo. Mwaka 2007 EFSA ilipitia tafiti zilizokuwapo na kusema jeni hizo na protini zake hazikuwa zimepatikana kwenye nyama, maziwa wala mayai ya mifugo waliolishwa mimea ya GMO. Na ukweli ni kwamba GMO imeshaingia kwenye mnyororo huo: pamba ya Bt inalimwa Kenya tangu mwaka 2020, na mbegu ya pamba ikishakamuliwa mafuta, mashudu yake ni chakula cha ng'ombe.

Kenya ina kanuni za lebo tangu mwaka 2012. Bidhaa yenye GMO zaidi ya asilimia 1 lazima iandikwe. Vizuri sana kwa paketi ya supamaketi. Lakini unga wa posho unaopimwa kwa gorogoro una lebo gani? Mahindi ya kuchoma kituo cha matatu? Githeri ya hoteli? Mtaani kwangu nilimuuliza mwenye kinu mahindi yake yanatoka wapi. "Busia," akasema. Na kabla ya Busia? Akacheka.

Kwangu mimi hapo ndipo penye pengo, kuliko kwenye jeni. Mwenye pesa atasoma paketi na kuchagua. Wa gorogoro atachaguliwa.

Sumu ambayo tayari tunaijua

Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Hawakula GMO. Walikula mahindi yao wenyewe, ya shambani kwao, yaliyoota kuvu wenye aflatoksini. Mwaka 2016 sumukuvu hiyo iliua tena, Dodoma na Manyara, Tanzania.

Hapa Bt ina hoja nzuri ambayo watetezi wake huieleza vibaya. Bungua akitoboa hindi, anafungulia kuvu mlango. Kuvu wa Fusarium hutoa fumonisini, sumu inayoharibu ubongo wa farasi na punda na mapafu ya nguruwe, na inayohusishwa na saratani ya umio kwa binadamu. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha mahindi ya Bt huwa na fumonisini kidogo. Hiyo ni faida ya kiafya, kwa mtu na kwa mfugo. Kwa aflatoksini faida si ya uhakika hivyo, maana yenyewe hutegemea zaidi ukame, ukaushaji na ghala. Mbegu haianiki mahindi juani.

Tena bungua hujifunza. Afrika Kusini walishaanza kustahimili Bt miaka kumi hivi baada ya mbegu hizo kuanza kupandwa, ikabidi jeni nyingine ziongezwe. Kila nyongeza ni faili jipya.

Nilimjibu shangazi kwa sauti ya dakika mbili. Nikamwambia panya wa picha ile ni kweli aliugua, ila wenzake waliokula mahindi ya kawaida pia huugua hivyo, na wenye pesa walirudia jaribio wakakuta hakuna tofauti. Nikamwambia asikague jeni, akague kama mahindi yamekauka, na akiona punje zenye rangi ya kijani au harufu ya uvundo asizipeleke kinuni, wala asimpe kuku.

Akajibu na swali: "Na hayo ya meli, nani ameyapima?"

Kwa mujibu wa sheria, ni NBA, aina moja moja, shehena kabla haijaondoka ilikotoka. Nimemtumia jina la mamlaka na kumwambia ana haki ya kuomba kuona uamuzi wao. Bado hajarudi kwa mihogo.